Aliyeletwa na Maji

Mtu aliyeleta barua ya mahakama alikuwa mstaarabu kupita kiasi. Alivua kofia, akazisifu bamia zilizopandwa kando ya ngazi, akamwomba Verdell Frasier atie sahihi kwamba amepokea, kisha akageuza gari polepole asije akakanyaga kuku. Verdell aliingia na bahasha jikoni, akaiweka mezani mbele ya shangazi yake, Tamar, aliyekuwa anamenya kamba wa mchana. Bahasha ilikuwa nene. Kisiwani Dawtry bahasha nene haijawahi kumletea mtu heri.

"Soma kwa sauti," Tamar alisema. "Miwani yangu iko chumbani, na miguu yangu leo haitaki kwenda huko."

Verdell akasoma. Kampuni moja ya mjini, ambayo hajawahi kuisikia, ilikuwa imenunua fungu la mrithi mmoja katika ekari kumi na moja za marehemu Prince Frasier, na sasa inaiomba mahakama ya kaunti iigawe ardhi hiyo. Na kama haigawanyiki, ipigwe mnada, kila mwenye fungu apewe chake aende zake. Maneno hayo hayakuhitaji mkalimani. Shamba la jirani zao, akina Simmons, lilikwenda hivyohivyo. Leo ni nyumba za matajiri wa kuja wanaocheza gofu, zina lango na mlinzi, na akina Simmons wakitaka kuweka maua kwenye makaburi ya wazee wao humpigia mlinzi simu siku mbili kabla na kumtajia namba ya gari.

Alipofika ukurasa wa mwisho, Verdell aliutambua.

Ulikuwa mti wa ukoo. Tena wake, kazi ya mkono wake, herufi zake za mviringo, hata duara la kahawia la kikombe cha chai alichokitua juu ya karatasi siku moja na kujilaumu wiki nzima. Kwa miaka mitatu, kila Alhamisi, siku ambayo jiko la shule alikokuwa mpishi halikumhitaji, alikuwa akishuka chumba cha nyaraka cha kaunti, chini kabisa ya jengo la mahakama, kuwatafuta watoto wa Prince na wajukuu wa watoto wake. Alipekua vitabu vya vifo, vya ndoa, vya kodi, mpaka vumbi likamkalia kifuani. Prince, babu wa baba yake, aliinunua ardhi ile mwaka 1887 akafa bila wosia, maana watu wa Dawtry wa enzi zile hawakuamini kitu chochote kilichowekwa ndani ya jengo lile. Ndivyo ardhi ikawa ya kila mtu aliyetoka kiunoni mwake. Benki haikopeshi mtu juu ya ardhi ya namna hiyo. Mwanawe Verdell, Lyndon, alitaka kujenga, na Verdell aliamini kwamba akiwapata warithi wote na kuwaomba sahihi zao, jambo litakwisha.

Akawapata sitini na wawili walio hai, kila mmoja na mji wake. Akauchapisha mti, akaugawa kwenye mkutano wa ukoo wa Julai, watu wakampigia makofi hadi akalia. Kisha Bi Hutto, karani wa nyaraka, akamwomba nakala ya kutundika ukutani kule chini, na Verdell akampa, tena akiwa ameitia fremu yeye mwenyewe.

Sasa mti ulikuwa umepigwa muhuri: Kielelezo cha Pili. Kampuni haikuhangaika kutafuta mtu. Ilisimama mbele ya ukuta ikachagua jina.

"Nani kauza?" Tamar aliuliza.

"Wendell. Wa Newark."

"Yule uliyemtafuta wewe mwenyewe."

Verdell alijikuta anazungusha kidole katika tundu lililokuwa ubavuni mwa meza, pale alipokuwa akificha maharage asiyoyataka alipokuwa mtoto. Meza yenyewe ilikuwa kituko: ubao mmoja mrefu na mzito, uliotiwa miguu minne isiyolingana, ubavu wake wa pili una alama mbili za chuma kilichooza. Bibi yake Verdell, Minda, mama yake Tamar, alikuwa na desturi ya kukaa hapo mvua kubwa ikinyesha, ameishika kwa mikono miwili, hasemi na mtu. Lyndon aliwahi kuleta meza mpya ya dukani. Tamar aliirudisha kabla haijatolewa kwenye boksi.

*

Wendell Gadsden alikuwa na miaka sabini na mmoja, dereva wa basi mstaafu. Bibi yake, Hester, alikuwa binti wa Prince kama Minda. Mama yake alitoroka kisiwa akiwa msichana na hakurudi. Verdell alimpata kwa kufuata karatasi moja ya kifo hadi nyingine. Julai alikuja kwa mara ya kwanza maishani, akavaa fulana ya buluu ya ukoo, yenye jina la Prince kifuani, akala sahani tatu za wali mwekundu, akasimama makaburini akalia bila kujifuta.

Sasa kwenye simu sauti yake ilikuwa ndogo. Alisema walimjia watu wawili wazuri tu, wakiwa na makaratasi na hundi ya dola elfu nne. Paa lake linavuja. Alidhani anauza kajipande kake mahali fulani pembeni. Hakuna aliyemwambia kwamba mwenye fungu moja anaweza kuziburuta ekari zote mpaka mnadani.

"Ungenipigia kwanza," Verdell alisema.

"Nikuambie nini, dada? Wewe ndiye uliyenitafuta. Miaka sabini sikujua kama nina hata kichaka. Ukaniambia, Wendell, una haki yako huku. Nami nikakuamini."

"Nilikupa ukoo. Sikukupa kitu cha kuuza."

Wendell alisema angerudisha zile pesa, ila nusu ziko kwa fundi wa paa. Verdell alikata simu bila kuaga. Hajawahi kumfanyia ndugu hivyo, na alishangaa jinsi ilivyokuwa rahisi.

*

Wakili wa msaada wa kisheria, Bi Odom, alikuwa na ofisi ya vyumba viwili juu ya duka la dawa, na mafaili mpaka kwenye beseni la kunawia. Hakumficha kitu. Mahakama ingeithamini ardhi, na familia ingepewa siku chache za kulinunua fungu lile kabla ya mnada, lakini kwa bei za sasa za Dawtry, na kampuni ikiendelea kuwanunua warithi wengine mmoja mmoja kwa kufuata ule mti, wasingeweza. Njia iliyobaki ilikuwa nyembamba.

"Ingekuwa aliyeuza si mrithi, kampuni ingekuwa imenunua hewa," Bi Odom alisema. "Lakini mti wako mwenyewe unasema ni mrithi."

Hapo ndipo Verdell alipokumbuka kadi.

Katika droo za kule chini kulikuwa na kadi moja aliyoiona mwaka wa kwanza na kuipita. Ilisema: Frasier, Prince, mtoto wa kike, si wake, kachukuliwa baada ya tufani, Daftari la Misaada la 1893, ukurasa wa 114. Daftari lenyewe lilikuwa limepelekwa mji mkuu wa jimbo kufanyiwa ukarabati, maana kurasa zilishikana kwa unyevu. Verdell hakulifuatilia. Kila nyumba kisiwani ilikuwa na mtoto wa tufani ile, aliyeokotwa akaingizwa, na hakuna aliyekuwa akiuliza ni yupi. Ilikuwa adabu ya mahali, kama kutomuuliza mtu umri wa mkewe.

Sasa aliuliza. Mwaka ule Prince alikuwa na mabinti wawili wa umri uleule, Hester na Minda. Minda alizikwa ubavuni mwa Prince, mkono wake wa kulia, mahali pa heshima alipomtengea mwenyewe kabla hajafa. Hester alizikwa ukingoni kabisa, karibu na kinamasi, peke yake. Verdell alikuwa amepalilia makaburi yale maisha yake yote. Nani angeweka mwanawe wa kumzaa pembeni na wa kuokota kando yake?

"Una hakika?" Bi Odom aliuliza.

"Nina hakika."

"Daftari litarudi baada ya wiki sita. Majibu yanatakiwa Ijumaa hii. Tukisema kwamba mtoto wa kuokotwa na kizazi chake hawana haki, tumesema. Hatutaweza kugeuka." Akamtazama. "Nakuuliza tena. Una hakika?"

Verdell alifikiria lango la akina Simmons. Akanyoosha mkono, akaapa, akatia sahihi kila mahali palipowekewa alama ya msalaba.

*

Alimwambia Tamar siku ileile, wakila mchuzi wa bamia na kaa. Alisimulia kwa furaha kidogo, hata akaigiza sauti ya Bi Odom. Tamar aliweka kijiko chini.

"Umeandika hivyo? Kwa mkono wako?"

"Kwa mkono wangu. Hester si damu yetu, Shangazi. Wendell hana kitu cha kuuza."

Tamar, mwenye miaka themanini na sita, alisukuma sahani pembeni. Kisha akasema, taratibu, kwamba Prince alipokufa jeneza liliwekwa uani, na watoto wote wachanga wa nyumba wakapitishwa juu yake, mkono kwa mkono, ili marehemu asiwasumbue. Wa Hester walipitishwa. Wa Minda walipitishwa. Hakuna aliyerukwa. Na kabla hajafa Prince alisema neno moja, ambalo Minda alimwambia Tamar na Tamar hajawahi kumwambia mtu: siku mmoja wenu atakapouliza nani aliletwa na maji, nyumba hii imekwisha.

"Prince hakuwa na kampuni shingoni," Verdell alisema.

"Alikuwa na mabaya kuliko kampuni. Kaifute hiyo karatasi."

"Nikiifuta tunauzwa. Unataka kwenda kuishi wapi, kwenye gari la Lyndon? Kwa nini unamtetea Hester kuliko sisi?"

Tamar alicheka kidogo, kicheko kisichokuwa na kitu ndani.

"Simtetei Hester," alisema. Akainuka, akaenda kuwamwagia kuku mabaki, na habari hiyo hakuigusa tena.

*

Wendell alipopata nakala ya yale majibu alipiga simu. Hakugombana. Aliuliza swali moja: "Basi ile fulana mlinivalisha ya nini?" Verdell alimwambia kesi ni kesi, asiichukulie moyoni. Wendell akasema sawa, dada, kisha akajirekebisha, akasema sawa, Bi Frasier.

Idella hakupiga simu. Huyu alikuwa mjukuu mwingine wa Hester, aliyebaki kisiwani, ambaye kwa miaka thelathini aliimba kanisani bega kwa bega na Verdell, akimkanyaga mguu kila alipoanza wimbo mapema. Jumapili ya kwanza alihamia safu ya nyuma. Jumatatu asubuhi Verdell alikuta kwenye ngazi mfuko wa nailoni, na ndani yake fulana ya buluu, imefuliwa, imepigwa pasi, imekunjwa jina la Prince likiwa juu. Jumatano zilikuwa tatu. Mpaka daftari linarudi zilikuwa nane, nyingine za watoto wadogo, na shuleni mpishi mwenzake alikuwa akipokea sahani kutoka mkononi mwake bila kumtazama. Verdell alizipanga fulana kabatini. Alijiambia kwamba ardhi ikishaokolewa atazirudisha moja moja, na keki, na watasahau. Hapo alikuwa anajidanganya, na nusu yake ilijua.

*

Alhamisi daftari liliporudi, mlinzi wa jengo la mahakama alimfungulia mkoba akapekua hadi kitambaa cha kichwa, ingawa alimjua kwa jina. Bi Hutto alimsalimia, "Hujambo, Verdell," naye akajibu, "Sijambo, Bi Hutto," kama walivyofanya miaka mitatu, yule wa umri wa binti yake akiitwa Bi na yeye akiitwa jina tupu. Mti wake ulikuwa bado ukutani, umefutwa vumbi.

Bi Odom alikuwa amefika. Wakili wa kampuni pia, kijana mwenye viatu vinavyong'aa, aliyesimama na kumvutia Verdell kiti. Daftari lililetwa ndani ya sanduku la karatasi ngumu. Bi Hutto akampa Verdell glavu nyeupe, akamwambia asilambe kidole wakati wa kufunua kurasa, jambo ambalo Verdell hajawahi kulifanya. Akafunua mwenyewe. Mwandiko ulikuwa safi, wino umegeuka rangi ya kutu, kila nyumba na mistari yake: jina la mkuu wa nyumba, idadi ya walaji, kilichobaki, kinachoombwa.

Ukurasa wa 114 alianza kuusoma kwa sauti, kwa kuwa alitaka yule kijana asikie.

"Prince Frasier. Walaji kumi. Nyumba imebaki nguzo. Mmoja si wake: mtoto wa kike, miaka mitatu hivi, amekutwa kwenye kinamasi siku ya pili amelala juu ya mlango. Kwao hakujulikani. Anasema anaitwa..."

Akaacha. Bi Odom aliinama akamalizia kimoyomoyo, na Verdell akauona uso wake ukibadilika. Kijana wa kampuni naye aliinama upande wa pili, na ndiye aliyelitamka, kwa upole, kama mtu anayesaidia kusoma karatasi ya dawa.

"Minda."

Mistari miwili ilibaki chini yake. Verdell aliisoma peke yake, midomo ikicheza bila sauti. Kamati ya misaada inataka kumpeleka mtoto kituo cha yatima mjini. Prince amekataa kumtoa. Mlango ameubeba nyumbani. Anaomba unga wa watu kumi.

Kijana aliomba nakala mbili zenye muhuri. Akamgeukia Verdell akasema, "Pole sana, mama," na ilionekana anamaanisha. Bi Odom alisubiri atoke, kisha akaeleza, ingawa hakukuwa na haja. Waliapa kwamba aliyeokotwa na kizazi chake hawana haki. Kizazi cha Minda kilikuwa watu ishirini na watatu, na watatu kati yao ndio pekee wanaolala juu ya ardhi ile: Tamar, Verdell na Lyndon. Kuanzia leo hawakuwa na fungu la kutetea, wala nafasi ya kununua, wala haki ya kusimama mahakamani. Mafungu yote yalibaki kwa watu wa mbali, na kwa akina Hester, waliokwisha rudisha fulana.

"Nilikuuliza mara mbili," Bi Odom alisema.

Verdell alivua glavu kidole kimoja kimoja. Alikuwa anafikiria makaburi. Prince hakumtengea Minda mahali kando yake kwa sababu alikuwa wake wa kumzaa. Alimtengea pale ili pasije pakatokea mtu wa kumuuliza.

*

Tamar alimwona anavyopanda ngazi, akajua. Hakumlaumu, na hilo lilikuwa baya kuliko kulaumiwa. Alisema alimwapia mama yake kutosema. Na kwa miaka yote aliamini daftari lile limekwisha kuoza, maana mtu mmoja wa kaunti aliwahi kumwambia hivyo. Alipopata kujua kwamba lipo, karatasi ya Verdell ilikuwa imekwisha pigwa muhuri.

"Ungeniambia hata hivyo," Verdell alisema.

"Nikuambie wewe ni wa maji, halafu ulale vipi? Mama hakuwahi kulala mvua ikinyesha. Mimi nilirithi hilo. Wewe ulikuwa unalala vizuri."

Verdell alikaa. Kidole kikaenda kwenye tundu lake la siku zote ubavuni mwa meza, na safari hii akalitazama: mviringo juu, jembamba chini, umbo la tundu la ufunguo. Akatazama upande wa pili, zile alama mbili za chuma, mahali bawaba zilipokuwa. Miaka hamsini na minane amekula juu yake. Alilaza mikono yote miwili juu ya ubao, akashika.

Baada ya wiki tatu alikuja mthamini aliyetumwa na mahakama. Alikuja asubuhi, naye pia alivua kofia. Alipima nyumba kwa kamba, akahesabu banda, kisima na pampu, akapiga picha makaburi. Alikuwa na fomu yenye safu mbili, kilicho mali ya marehemu Prince na kilicho mali ya waliokaa tu, na juu yake palikuwa na nafasi ya majina na uhusiano. Aliandika Tamar Frasier, Verdell Frasier, Lyndon Frasier. Penye uhusiano alisita, akamtazama Verdell, na Verdell akatazama dirishani; mthamini akachora kistari.

Kisha akaingia jikoni, akapitisha kiganja juu ya meza kwa jicho la mtu anayejua mbao.

"Mbao ya zamani hii," alisema. "Niiandike wapi? Ni ya urithi, au yenu?"

"Hiyo ni yetu," Tamar alisema. "Hiyo tulikuja nayo."